Eti majani yameua kansa maabara

Wiki hii nimeulizwa mara nne, mara ya mwisho na mama mmoja katoka Ukerewe na mfuko wa majani ya mstafeli, simu mkononi ananionyesha video. "Mwanangu, si mmepima mkaona yanaua kansa? Sasa mzee nimchemshie kiasi gani?"

Jamani. Hivi mnajua sisi wa maabara tunavyopima? Majani yanakaushwa kivulini, yanasagwa, unga unalowekwa kwenye methanoli, tunachuja, tunaikausha ile methanoli mpaka ibaki kitu cheusi kinanata kama lami, hicho ndo tunakipima kidogo kidogo na kuzimwagia seli za kansa kwenye kisahani cha plastiki chenye vishimo 96. Baada ya siku mbili tatu tunatia rangi ya njano inaitwa MTT, seli hai inaigeuza zambarau, iliyokufa haiigeuzi. Basi, hiyo ndo "yanaua kansa" yenu. Ukimimina sabuni ya unga mle zinakufa, gongo zinakufa, na sijaona anayemnywesha mgonjwa sabuni.

Mimi nauliza, zimekufa kwa mikrogramu ngapi? Na zile seli zisizo na kansa zimepona? Sisi tunatumia Vero, zinatokana na figo ya tumbili, zikifa nazo kwa kipimo kilekile basi hiyo ni sumu tu, haichagui. Halafu kisahani hakina tumbo wala ini. Chai yako inapita kote huko, inavunjwavunjwa, kinachofika kwenye uvimbe nani kakipima? Ndo maana baada ya kisahani kuna panya, baada ya panya kuna watu, na dawa nyingi zinaishia njiani.

Eti wazungu wanaficha dawa za miti. Nani kaficha? Yale maua ya vinka ya pinki mnayopanda kwenye uzio hapo Kirumba ndo yametoa vinkristini, dawa ya kansa, na watoto wa kanda yetu ya ziwa wenye kansa ya Burkitt, taya limevimba hivi, wanatibiwa nayo. Ila inapimwa kwa miligramu, inaingia kwenye mshipa wa damu, ikikosewa ikachomwa kwenye uti wa mgongo inaua. Sasa usiende kuchemsha uzio wa jirani.

Na ya asili hayana madhara? Aristolokia ni mmea kabisa na imeua figo za watu, tena inaleta kansa. Hata huo mstafeli, kule kisiwa cha Guadeloupe, Karibi, wanaoutumia sana umehusishwa na ugonjwa unaofanana na wa kutetemeka (Parkinson).

Ushauri wangu ni uleule kila siku, unachokunywa mwambie daktari hata akinuna, maana kuna majani yanagombana na kemo, yaani dawa za kansa za hospitali, kwenye ini.

Yule mama nikamwuliza hospitali wamesemaje. Akaingiza mkono mfukoni, kadi ilikuwa chini kabisa ya majani. Tarehe ya kemo ya pili ilishapita wiki tatu.