Pappy Van Winkle: ukweli kuhusu wiski ya miaka 23

Kila mwaka vuli ikifika Marekani watu wanapanga foleni, wengine wanaingia bahati nasibu za madukani, wapate tu nafasi ya kununua chupa moja ya Pappy Van Winkle. Na kila mwaka nakutana na maneno yaleyale kuhusu hii wiski, mengine yanamponza mtu hela yake kabisa. Naipenda sana hii kitu na historia yake, kwahiyo ngoja niyaweke sawa.

Kubwa kuliko yote ni hili, kwamba yenye miaka mingi ndo tamu zaidi. Hapana. Pappy ni burboni, yani wiski ya Marekani inayopikwa zaidi kwa mahindi, na burboni kwa sheria ya huko lazima ikae kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa moto ndani, wakati Scotland wanatumia sana mapipa yaliyokwishatumika, na pipa jipya lina nguvu, linakupa rangi, vanila, karameli, alafu likiachiwa muda mrefu linaanza kutoa uchungu wa mbao, ule unaokausha ulimi kama chai iliyochemka ikapitiliza. Na joto la Kentucky, jimbo inakotengenezwa Pappy, sio mchezo, kiangazi wiski inatanuka inaingia ndani ya mbao, baridi ikija inarudi, hivohivo miaka yote, ndo maana miaka 23 ya pale huwezi kuilinganisha na miaka 23 ya kwenye ubaridi wa Scotland. Mapipa mengi yakifikishwa huko yanaharibika. Anayejua kuonja na kuchagua lipi liendelee na lipi litolewe sasa hivi ndo mwenye kazi. Mimi kwenye familia nzima ya Pappy nachukua ya miaka 15, ina alkoholi asilimia 53.5, ule ulaini wa ngano bado unausikia. Ya 23 ina asilimia 47.8 na kwangu mbao imeshatawala mno.

La pili wanasema "Ilipikwa na Pappy mwenyewe." Pappy ni Julian Van Winkle, yule mzee anayewasha sigara kwenye lebo, alizaliwa 1874 akafariki 1965. Kiwanda chake cha Stitzel-Weller pale Louisville kilifunguliwa 1935, familia ikauza 1972, na upishi ukasimama 1992. Waliobaki na jina ni mwanae kisha mjukuu, Julian wa tatu, aliyeshika biashara 1981, wakati vijana wa Marekani wamehamia vodka na burboni za zamani zimejaa maghalani hazina wanunuzi. Hapa ndo huwa nasisimka, kwa sababu nyingi ya zile wiski za uzee mkubwa zilizowapa Pappy sifa zilizeeka kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuzinywa! Tangu 2002 familia ina ubia na Buffalo Trace, kiwanda cha Frankfort, Kentucky, na wao ndo wanapika. Kwahiyo mtu akikuuzia chupa iliyotoka mwaka jana akakwambia ni ya Stitzel-Weller, piga hesabu mwenyewe kutoka 1992, hata ile ya 23 haifiki huko.

Kuna wanaosema Weller ya miaka 12, burboni nyingine ya Buffalo Trace, ni Pappy yenye lebo nyingine. Kiwanda kimoja, na mchanganyo ni uleule wa mahindi, ngano na shayiri, ngano ikichukua nafasi ya rai, nafaka inayotumika kwenye burboni nyingi, ila mapipa hayachaguliwi sawa na umri ni tofauti. Ni wiski nzuri yenyewe kama yenyewe. Na burboni sio lazima itoke Kentucky, ni popote Marekani, mradi mahindi yasipungue asilimia 51.

Kuizeesha kabatini haiwezekani. Iliyofungwa 1990 ikiwa na miaka 10 ni ya miaka 10 mpaka leo, kioo hakiongezi kitu. Isimamishe, usiilaze kama mvinyo maana alkoholi inakula kizibo, na jua lisiifikie. Ukishaifungua na ikabaki kidogo chini, hewa inaipooza taratibu, waite wenzako mmalize.

Bei nayo. Watu wanakilaumu kiwanda, lakini bei wanayopendekeza wao ni mamia ya dola, maelfu yanaongezwa na wanaouza tena huku kati. Uhaba wenyewe ni wa kweli: pipa linaingia na lita kama 200, kila mwaka nyingine inapotea hewani, wenyewe wanaita fungu la malaika, ukifika mwaka wa 23 zaidi ya nusu imeshaondoka. Na anayetaka kuongeza leo alitakiwa awe amejaza mapipa miaka 23 iliyopita.

Sasa hili naomba ulisome taratibu, chupa kuwa imefungwa vizuri sio ushahidi kwamba ni halisi. Chupa tupu za Pappy zinauzwa kwa hela ndefu, mtu anajaza burboni ya bei rahisi, anafunga upya, anakupigia picha nzuri. Alafu kuna za wizi, 2013 Buffalo Trace waliripoti kupotelewa na chupa zaidi ya 200. Majimbo mengi kuuza bila leseni ni kosa, ila Kentucky tangu 2018 inaruhusu maduka yenye leseni kununua chupa za zamani kwa watu binafsi, anzia huko. Omba picha ya karibu ya kizibo, ya usawa wa wiski shingoni, na ya namba za leza kwenye kioo zinazoonyesha lini ilijazwa. Muuzaji akianza kuzunguka kwenye hizo picha, achana nae.