Mafunzo mseto jeshini: wiki za nyumbani si likizo

Tangu chuo chetu kitangaze kwamba kozi ya maafisa itaendeshwa kwa mafunzo mseto, yaani sehemu mtandaoni mwanafunzi akiwa nyumbani na sehemu hapa chuoni, simu ya ofisini haipoi. Wanaopiga si wanafunzi hasa. Ni wenza wao, wakuu wao wa kazi, na wazazi wa vijana wanaotaka kuomba nafasi. Tunawashukuru kwa kufuatilia. Lakini swali la "kwani siku hizi uafisa unasomewa kwenye simu?" nimelijibu mara nyingi mno.

Hausomewi kwenye simu. Shabaha, gwaride na mazoezi ya uwandani viko palepale. Kinachohamia mtandaoni ni yale mwanafunzi aliyokuwa akisomewa saa mbili nzima huku nusu ya darasa ikipambana na usingizi wa baada ya ugali. Chukua Vita vya Kagera. Zamani kipindi kizima kiliishia kwenye kusimulia jinsi majeshi ya Amin yalivyoingia Oktoba 1978 na daraja la Kyaka lilivyovunjwa mwezi uliofuata. Sasa hayo mwanafunzi anayasoma akiwa kwake na kujibu maswali. Akifika darasani anakuta meza ya mchanga imeandaliwa, uzi wa buluu umelazwa kuwa ndio Mto Kagera, na mkufunzi ana swali moja: daraja hakuna, magari unayavushaje, na nani anakulinda unapovusha? Saa mbili hizo hakuna anayesinzia.

Wanaohofia "cheti cha mtandaoni" wajue kwamba hatujabuni kitu. Chuo cha Vita cha Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, huko Carlisle, Pennsylvania, kina kozi ya masafa ya miaka miwili ambayo wanafunzi wake hufika chuoni kwa vipindi vifupi tu, na wanatoka na shahada ya uzamili. Hapa kwetu Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Hofu hiyo ilipaswa kuwa imestaafu.

Malalamiko mengi yanatoka kwenye awamu ya nyumbani. Afisa aliye katika awamu hiyo yuko kozini, kwa amri, kama angekuwa bwenini. Jioni moja tukiwa kwenye kipindi, sauti ilisikika nyuma ya mwanafunzi: "Baba Neema, ukimaliza hiyo simu, gesi imeisha." Tulicheka, tukaendelea. Wiki iliyofuata Baba Neema alikosa vipindi viwili kwa sababu ndugu walimtuma akasimamie mafundi wa ujenzi. Hapo hakuna aliyecheka. Wakuu wa vikosi nao tunawaomba wasimwite mwanafunzi kuziba pengo la zamu kwa hoja kwamba "si yupo tu nyumbani".

Sasa utaratibu. Mwanafunzi anajaza fomu ya akaunti ya mfumo wa kusomea mtandaoni, mkuu wake wa kikosi anasaini na kugonga muhuri, fomu inarudi kwa mnadhimu wa mafunzo, yaani afisa anayeratibu mafunzo. Namba ya kuingilia inatolewa kwa mhusika mwenyewe, hatumwi mtu kuichukua. Nywila inabadilishwa siku hiyohiyo. Kazi ikiletwa baada ya saa sita usiku wa siku iliyopangwa, mfumo unaifunga, na kuifungua kunahitaji barua yenye sababu kupitia kwa mkuu wa kikosi. "Bando liliisha" si sababu. Maabara ya kompyuta ya chuo iko wazi, na masomo yote yanaweza kupakuliwa mapema.

Nywila haiazimwi. Tuliwahi kuona mtihani umeanza kufanywa na mtu mmoja katika mikoa miwili kwa wakati mmoja. Mbali na adhabu za kijeshi, anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini anagusa kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015: faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Mpwa wako hodari wa kompyuta hatanusurika kwa kusema alikuwa anakusaidia.

Nyaraka za siri haziwekwi kwenye mfumo huu, kwa hiyo msituulize kama ziko salama humo. Hatari iko kwenye vitu vidogo. Januari 2018 iligundulika kwamba ramani ya Strava, programu ya watu wa mazoezi, inaonyesha mizunguko ya wanajeshi waliokuwa wakikimbia ndani ya kambi zao, Syria na Afghanistan zikiwemo. Hakuna aliyevujisha waraka. Walikuwa wanahesabu kilomita. Ndiyo maana tunaagiza huduma ya kuonyesha mahali izimwe kwenye kifaa cha kusomea, na picha za skrini za kipindi zisiingie kwenye makundi ya WhatsApp, hata lile la familia.

Ambaye hajapata namba ya kuingilia siku tatu baada ya fomu kufika aende kwa mnadhimu wa kikosi chake. Namba yangu binafsi, ambayo naona inazunguka, haifungui akaunti.