Je, wajua? "Lord" maana yake ya kwanza ni mlinzi wa mkate

Katika Mahakama Kuu ya Kenya wakili humwita jaji "My Lord", na jaji akiwa mwanamke, "My Lady". Ni maneno ya heshima kubwa. Lakini ukiyafuata hadi yalikozaliwa, utajikuta jikoni.

Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mkate uliitwa "hlaf", ambalo leo ni "loaf". Mlinzi aliitwa "weard". Maneno hayo mawili yakaunganishwa, ikawa "hlafweard", mlinzi wa mkate. Kadiri watu walivyolitamka ndivyo lilivyozidi kufupika: "hlaford", kisha "loverd", mwishowe "lord".

Na "lady" je? Yeye alikuwa "hlæfdige". Mwanzo wa neno ni mkate uleule, na mwisho wake unatokana na kukanda. Basi "lady" ni mkandaji wa mkate, mama aliyejaa unga hadi viwikoni! Mzizi huohuo wa kukanda ndio uliozaa "dough", yaani donge la unga uliokandwa. Umezaa hata "dairy": "dæge" alikuwa mwanamke wa kukanda mkate, baadaye jina likawa la mtumishi wa kukamua ng'ombe, kisha likahamia kwenye chumba cha maziwa.

Kwa nini mkate, na si upanga au ardhi? Kwa sababu mkubwa wa nyumba alijulikana kwa watu waliokula kwake. Aliwalisha na kuwalinda, nao wakamtumikia. Jambo hili linaonekana wazi katika sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent, ufalme wa kale huko Uingereza, zilizoandikwa karibu mwaka 600. Humo anatajwa "hlafæta", mla mkate, yaani mtu anayeishi na kula kwa mwenye nyumba. Aliyemuua mla mkate wa mkulima huru alitozwa fidia ya shilingi 6. Ndiyo, shilingi: neno tunalolitumia sokoni kila siku limo katika sheria hiyo, likiandikwa "scilling".

Kwa hiyo mkate mmoja ulikuwa na watu watatu: anayeukanda, anayeulinda na anayeula. Majina ya wawili wa kwanza yalipanda hadi ikulu na mahakamani. La yule mla mkate halisemwi tena na Mwingereza yeyote.