SAN si lile boksi la diski

Juzi, kwenye chumba cha seva hapa Kampala, fundi mmoja aligonga boksi la diski kwa kidole akamwambia mgeni, "Hii ndiyo SAN yetu." Mgeni akaandika kwenye daftari. Bosi alikuwepo, nikanyamaza.

SAN ni mtandao: swichi, kebo na kadi zinazoziwezesha seva kadhaa kuzifikia diski zilizowekwa pamoja pembeni. Basi. Boksi liko kwenye SAN kama duka lilivyo kwenye barabara.

Jina lenyewe linasema, Storage Area Network. Kiingereza hutanguliza sifa, jina lenyewe huja mwisho, kinyume na sisi. Kwa hiyo huo ni mtandao wa hifadhi. Geuza herufi upate NAS, Network Attached Storage, na mwisho wake ni hifadhi. Hiyo ndiyo boksi kweli, na ina karani wake wa stoo: seva inaomba faili ya mishahara, karani anajua iko rafu gani. Lugha wanayosemezana ni NFS, iliyotoka Sun Microsystems mwaka 1984, au SMB.

SAN haina karani. Inaipa seva kipande cha diski, wenyewe wanakiita LUN, na seva inakiona kama diski yake ya ndani, ijenge humo mfumo wake wa faili, yaani mpangilio wa kujua faili ipi iko wapi. Ni kibanja kitupu. Na hapa Uganda nani hajui yanayotokea kibanja kimoja kikiuzwa kwa watu wawili? Ukizipa seva mbili LUN moja yenye ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, kila moja inaandika ikijiona peke yake, na data inaharibika kimyakimya. Kugawana kunataka mfumo wa faili uliotengenezwa kwa kazi hiyo, kama GFS2.

Halafu kuna "fiber". Mtu akisikia Fibre Channel anadhani ni ile kebo ya intaneti iliyofukiwa kando ya barabara. Fibre Channel ni utaratibu wa kusafirisha data ambao SAN nyingi huutumia, na ile "-re" iliwekwa makusudi: waya wa shaba ulipokubaliwa kando ya nyuzi za kioo, walibadili tahajia ili jina lisifungwe na kioo. Tena SAN inaweza kupita kwenye Ethernet ya kawaida, ule mtandao wa kebo wa ofisini, kwa iSCSI, utaratibu unaobeba amri za diski ndani ya mtandao huo.

Ndugu yangu, mgeni akija tena, gonga boksi useme "hii ni hifadhi yetu." Kisha mwonyeshe zile swichi mbili zilizo juu yake.