Gofu ya Diski: Mkimya Si Lazima Awe na Maringo

Wengi hudhani mchezaji mkimya uwanjani ana maringo, na anayecheka na kila mtu ndiye mstaarabu. Si kweli. Adabu ya gofu ya diski, mchezo wa kurusha diski hadi iingie kwenye kikapu chenye minyororo, hupimwa kwa mahali unaposimama na wakati unaonyamaza.

Diski huwa na gramu 150 hadi 180 hivi, na zile za masafa marefu zina ukingo mkali. Ikimpata mtu kichwani si mzaha. Kabla ya kurusha, hakikisha walio mbele wameondoka, pamoja na wapita njia, ambao mara nyingi hata hawajui kuna mchezo. Diski ikipotoka kuelekea kwa watu, piga kelele papo hapo. Hapo hata mkimya kabisa hana budi kupaza sauti.

Mwenzako anaporusha, simama nyuma yake, asipokuona, utulie. Anapolenga kikapu, usikae nyuma ya minyororo: mguu unaotikisika tu humpotezea shabaha. Aliye mbali zaidi na kikapu hutangulia. Marafiki wakikubaliana aliye tayari arushe, hakuna ubaya, mradi hana mtu mbele yake.

Linalokera kuliko yote ni kundi lenye bashasha tele linalopekua vichaka kutafuta diski moja huku wengine wakisubiri nyuma. Kanuni za mashindano hutoa dakika 3 za kutafuta. Kwenye mchezo wa kujifurahisha hakuna anayeshika saa, basi wapisheni walio nyuma wapite, kisha mtafute mpendavyo.