Alizeti za asili uani: barua ya mji usiichane

Kila ifikapo Julai simu za ofisini kwetu huwa za aina moja. Mtu kapokea barua ya mji kwamba uwanja wake umeota magugu. Ukimuuliza kapanda nini, anajibu alizeti. Kwa wasomaji wetu wa Kiswahili hapa Minnesota, jambo lenyewe liko hivi.

Tangu Julai 1, 2023, kifungu 412.925 cha sheria za jimbo kinaulazimu mji umruhusu mwenye nyumba, au mkazi aliyeidhinishwa, kuwa na bustani ya nyasi ndefu, maua ya porini na vichaka. Kikomo cha inchi 8 cha urefu wa nyasi hakiigusi bustani hiyo, mradi imepangwa na inatunzwa. Kuacha kukata nyasi mwezi mzima kisha ukasema unasaidia nyuki si bustani. Hilo sheria imelikataa waziwazi, kwa hiyo tusipigiane simu juu yake.

Barua ikifika, tazama tarehe ya mwisho. Piga picha, orodhesha ulichopanda, kisha mjibu kwa maandishi afisa aliyetia saini, ukitaja kifungu, na ubaki na nakala. Ukinyamaza, miji mingi hutuma wakataji wake, na gharama usipoilipa huongezwa kwenye kodi ya majengo. Kifungu hiki kinaibana miji tu. Mkataba wako na chama cha wenye nyumba ni habari nyingine, na mpangaji apate kwanza idhini ya mwenye nyumba. Magugu yaliyo kwenye orodha ya jimbo ya magugu hatari, mfano Canada thistle, gugu lenye miiba, hayana kinga hata yakijificha katikati ya alizeti.

Sasa mmea wenyewe. Hatuzungumzii mbegu za mfuko wa chakula cha ndege, wala alizeti za kukatia shada zisizo na chavua, ambazo nyuki akizitafutia chavua huambulia patupu. Tafuta alizeti za asili ambazo kwa jina la kitaalamu ni Helianthus maximiliani au Helianthus pauciflorus. Hurudi kila mwaka. Ya kwanza yaweza kupita futi 8 na husambaa kwa mizizi, na kwenye ua mdogo utaijutia. Hapo panda Helianthus occidentalis: majani yamekaa chini, shina futi 3 hivi.

Mbegu za alizeti hizi hazioti vizuri bila kupitia baridi, hivyo zisie Novemba, kabla ardhi haijaganda. Waliokulia kwenye kungojea masika hucheka wakisikia hivyo, wakangoja majira ya kuchipua, kisha Mei wanaleta pakiti nzima wakidai tumewauzia mbegu mbovu. (Hatuuzi mbegu.)

Mashina yaliyokauka yaacheni yasimame majira yote ya baridi. Ndege wadogo wa jamii ya chiriku hula mbegu zake, na baadhi ya nyuki wadogo wa porini hutaga ndani ya mashina. Ukikata, kata majira ya kuchipua, ubakize kisiki cha futi moja au moja na nusu. Jirani akiona ni uchafu, zungushia ukingo wa mawe na usimike kibao cha kusema ni bustani. Hata mkaguzi wa mji ataona kuna mtu anayeitunza.