Masika yakianza: kazi za mikono kwa watoto wa awali

Mvua za Machi zikianza kugonga bati, watoto wa miaka mitatu hadi sita hubanwa ndani, na madarasa mengi ya awali hukimbilia picha za kupaka rangi. Kwangu huu ndio wakati wa kuweka picha hizo kando na kuleta mezani mbegu, maji na majani. Mtoto wa miaka minne hangoji wiki tatu kuona matokeo, kwa hiyo nachagua kazi ambayo leo anaifanya kwa mikono yake na kesho kutwa anakuta kitu kimebadilika. Walioko Dodoma, Iringa au Mbeya, ambako mvua ni za msimu mmoja, waanze Novemba au Desemba.

Mbegu kwenye glasi

Ningeruhusiwa kazi moja tu kwa msimu mzima, ningechukua hii. Unahitaji glasi, au chupa ya plastiki angavu iliyokatwa, tishu za jikoni, na aina tatu za mbegu: choroko, maharage na mahindi. Choroko ni za wasio na subira, maana mara nyingi hutoa mzizi siku inayofuata baada ya kulowekwa. Maharage huchukua siku mbili hadi nne.

Loweka mbegu jioni, kwa saa 8 hadi 12. Zikikaa ndani ya maji siku nzima na zaidi, zinakosa hewa na kuanza kuchacha. Ukiona povu na harufu kali, zitupe. Asubuhi kunja tishu, izungushe ndani ya glasi ishike ukuta, kisha jaza katikati tishu nyingine iliyofinyangwa ili ile ya nje ibanwe vizuri. Mtoto apenyeze mbegu tatu au nne kati ya tishu na kioo, usawa wa katikati ya glasi, ili zionekane kutoka nje. Mimina maji ya kina cha sentimita 1 tu chini. Tishu itayanyonya yenyewe, na mbegu zitapata unyevu bila kuzama.

Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Kila mtoto anataka kumwagilia, glasi inajaa, na kufikia siku ya tatu mbegu zinanuka. Mpe kila mtoto zamu na kijiko kimoja cha chai, na uchore mstari wa wino kwenye glasi ambao maji yasiuvuke. Kosa la pili ni Ijumaa hadi Jumatatu: tishu inakauka na mzizi mchanga unakufa. Funika glasi kwa kipande cha nailoni chenye matundu machache. Ukungu nao hushika kwanza mbegu zilizopasuka au kutobolewa na wadudu, kwa hiyo chagueni mbegu nzima pamoja na watoto kabla ya kuloweka.

Mzizi wa haragwe hutokea karibu na kile kidoa cheupe pembeni. Ukifika sentimita 2 hivi, laza glasi ubavu, uizuie isibingirike, ukichunga tishu ibaki mbichi. Kesho yake watoto watakuta ncha ya mzizi imepinda kuelekea chini. Usiwaeleze mapema, waulize wanadhani utaelekea wapi, kisha wachore. Wakati huohuo walinganishe haragwe na hindi. Haragwe hubeba vipande vyake viwili juu, vikawa kijani, halafu vikasinyaa kadiri mche unavyovila. Hindi lenyewe hubaki palepale na kuchomoza kijiti chenye ncha kali.

Baada ya wiki mbili hivi akiba ya mbegu inakwisha na mche unataka udongo. Pwani hamishia kunde au choroko. Maharage hupukutisha maua kwenye joto la Dar es Salaam au Tanga, ila Lushoto na Arusha yanafurahi.

Usalama hapa si jambo la kupitia juujuu. Choroko huingia puani au sikioni na kuvimba humohumo, kwa hiyo gawa mbegu kwa hesabu na uzikusanye kwa hesabu, na watoto wa chini ya miaka mitatu wasipewe kabisa. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ambayo huondolewa kwa kuchemshwa vizuri. Na usitumie mbegu za pembejeo zilizopakwa rangi ya waridi, kijani au buluu: rangi hiyo ni alama ya dawa.

Kipimamvua

Tafuta kopo angavu lenye kitako bapa na kuta zilizonyooka tangu chini hadi mdomoni. Chupa ya maji ya lita 1.5 inatumika sana, lakini kitako chake kina mabonde, na milimita za kwanza zinapotelea humo. Ukilazimika kuitumia, wewe mwenyewe kata sehemu ya juu pale inapoanza kujikunja, weka kokoto chini, mimina maji hadi yafike penye kuta zilizonyooka, na hapo ndipo sifuri yako. Kile kichwa ulichokata kigeuze kiwe faneli, kipunguze maji kuvukizwa na jua.

Kiweke uwanjani, mbali na upenu na miti. Umbali uwe angalau mara mbili ya kimo cha kitu kilicho jirani. Chini ya upenu utapima maji ya bati, si mvua. Kisomwe saa tatu asubuhi kila siku. Mtoto asiyejua rula hahitaji rula: asimamishe ukanda wa karatasi ya manila kando ya kopo, mwalimu akate usawa wa maji, na ukanda ubandikwe ukutani juu ya jina la siku. Kufikia Ijumaa wana jedwali walilolijenga wenyewe, na wanaona kwa macho siku ipi ilizidi. Kila usomaji ukiisha, mwaga yote, pamoja na maji ya kokoto, kisha urudishe hadi sifuri. Maji yakiachwa wiki moja yanatosha kuzalisha mbu.

Chapa za majani

Jani la mpera ndilo bora, maana mishipa yake ya chini imesimama. Lifute likauke, ligeuze tumbo juu, libandike mezani kwa solotepu, weka karatasi nyembamba juu yake, kisha mtoto asugue kwa krayoni iliyovuliwa karatasi yake na kulazwa ubavu. Akisugua kwa ncha, karatasi inachanika. Wakati wa mvua karatasi hunyonya unyevu hewani na kulegea, kwa hiyo zihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni. Msichume mnyaa wala mkorosho; utomvu wake huunguza ngozi, na wa mnyaa machoni ni hatari kubwa.

Mashua

Karatasi iliyokunjwa ikisuguliwa mshumaa pande zote huelea muda mrefu zaidi kabla ya kulowa. Mashua ziwekwe zielee kwenye beseni, maji ya kina cha vidole vinne, mtu mzima akiwa pembeni wakati wote, na beseni limwagwe mara mchezo ukiisha. Mtaroni hapana: maji ya mvua ya barabarani hupita vyooni na majalalani, na kipindupindu hufuata njia hiyohiyo.